Drumu za Mzee Si Skrapu: Vile Utajua Bei ya Seti Kongwe Kabla Ulie Kitale ama Bungoma

Wacha nianze na aibu ya familia. Mwaka jana binamu yangu, mpiga drumu wa kanisa moja pale Bungoma, alipewa 70,000 na vijana wenzake aende awaletee seti. Hiyo ilikuwa pesa ya chama. Kuna wasee wa boda walikuwa wanatoa mia mbili kila wiki, mvua ikinyesha ama jua likiwaka. Jamaa akarudi na kitu ameuziwa kama "vintage Pearl ya miaka ya sitini". Stika ya Pearl ilikuwa kwa ngozi ya mbele, kubwa kama bango la mwanasiasa. Baada ya Jumapili tatu skrubu moja ikang'oka na kipande cha mbao, na hapo ndio tulifungua tukacheki ndani. Manze, ilikuwa ile seti ya kichina ya bei ya chini kabisa, imebandikwa stika tu. Muuzaji hakushika simu tena. Binamu akavuliwa cheo cha mweka hazina, na hadi leo kuna mathe mmoja pale kanisani humsalimia akiangalia dirisha.

Kwa hivyo mwaka huu tuliposikia kuna kukhu mmoja nje kidogo ya Kitale anauza drumu za marehemu bwanake, binamu alinipigia mimi. Si eti najua kupiga. Mimi niliacha campo second year na kazi yangu ni kuandika vitu kama hivi. Lakini naweza kukaa kwa simu saa sita nikitafuta ukweli wa kitu kimoja, na hiyo ndio kazi alitaka. Chama kilikuwa kimejikokota tena hadi 60,000. Angepoteza hiyo pia, angehama kaunti.

Sasa shida ni hii. Kukhu alikuwa na bei mbili kichwani. Mjukuu wake wa Nairobi alikuwa ameona onlaini seti ya zamani ikiuzwa maelfu ya dola, akamwambia asikubali chini ya 200,000. Halafu kuna broka wa hapo mjini alikuwa amekuja na pikapu akampa ofa ya 12,000 kwa kila kitu, "kwa sababu ni skrapu tu, mama." Kati ya 12,000 na 200,000 hiyo si bei, hiyo ni bonde la ufa. Ukijikuta hapo katikati, fanya hivi.

Kwanza, zilifikaje huku?

Hii si historia ya bure, inakusaidia kukisia unaangalia nini. Reli ilifika Kitale mwaka wa 1926, na Trans Nzoia yote ilikuwa mashamba ya walowezi wazungu, na wazungu walikuwa na klabu zao na dansi zao. Baadaye zikaja bendi za hoteli, shule za misheni, na huko Bungoma Salvation Army na mabendi yao ya tarumbeta na ngoma. Kenya ilikuwa koloni ya Mwingereza, so usishangae ukifunua gunia la mahindi ukutane na beji imeandikwa Premier badala ya Ludwig. Premier ilianzishwa London mwaka wa 1922, na wakati wa vita vya pili vya dunia ikahamia Leicester baada ya kupigwa mabomu.

Ludwig ni ya Marekani, na bei yake iko juu kwa sababu moja inaitwa Ringo Starr. Jamaa wa Beatles alikuwa anapiga Premier kwanza, akabadilisha akaenda Ludwig mwaka wa 1963. Tarehe 9 Februari 1964 Wamarekani wakamwona kwa TV kwa shoo ya Ed Sullivan, na jina la Ludwig limeandikwa hapo mbele. Kila kijana akataka hiyo hiyo. Hadi leo Ludwig ya miaka ya sitini hulipwa pesa nyingi kuliko Premier ya umri ule ule, hata kama Premier imetengenezwa vizuri ama hata poa zaidi. Mjukuu wa kukhu alikuwa ameona Ludwig. Kukhu alikuwa na Premier. Hapo 200,000 ilishaanza kutoboka.

(Na usidhani kila bendi ya zamani ilikuwa na drumu. Wapiga gitaa wa Kiluhya wa enzi za George Mukabi walikuwa wanapata mdundo wao kwa kukwaruza chupa ya Fanta, na bado watu walicheza hadi asubuhi.)

Kitu kimoja zaidi. Uzee peke yake haulipwi. Watu wengi husema seti ni kongwe ikipita miaka 25 ama 30 hivi, lakini seti mbaya ya 1985 ni seti mbaya yenye umri. Pearl Export, kwa mfano, ilianza kuuzwa mwaka wa 1982. Ni drumu ya kazi, inapigika, lakini mtu akikuambia ana Export ya miaka ya sitini, muulize na simu yake ni ya mwaka gani.

Vitu vya kubeba ukienda kucheki

Binamu alitaka twende mikono mitupu. Nikakataa. Tulibeba futi ya kupimia, tochi, sumaku tuliyotoa kwa spika iliyokufa, na ngozi mbili za drumu za kanisa, ya inchi 12 na ya inchi 16. Kwa matatu kutoka Bungoma watu walituangalia kama wauzaji wa sinia.

Hizo ngozi mbili ndizo zilikuwa muhimu kushinda zote. Acha nikwambie kwa nini. Premier nyingi za kabla ya mwisho wa miaka ya sitini zina tomu ambazo ni pana kidogo kuliko saizi ya leo. Ukiangalia kwa macho huwezi jua. Lakini ukinunua ngozi ya kawaida dukani haishuki, inakaa juu kama kofia ya mtoto kwa kichwa cha baba. Ngozi za saizi hiyo unaagiza spesheli kutoka ng'ambo, na kila ikipasuka unaagiza tena. Kwa mkusanyaji wa London hiyo ni stori ya kupendeza. Kwa kanisa la Bungoma lenye ibada mbili kila Jumapili ni kilio. Kwa hivyo seti ikiwa ya hiyo saizi ya kale, bei ya mtu anayetaka kupiga inashuka, hata kama ni nzee zaidi.

Za kukhu, ngozi ziliingia vizuri. Ya 12 iliteleza, ya 16 ikakaa. Binamu akatabasamu mara ya kwanza tangu asubuhi. Maana yake zilikuwa za mwisho wa sitini ama za sabini, na kweli kukhu alisema mzee alikuwa akipiga na bendi miaka ya sabini.

Sasa vile unacheki drumu yenyewe. Jina kwa ngozi ya mbele usilisome hata. Ngozi inatolewa kama kava ya simu, mtu anaweza andika Mercedes. Tafuta beji. Kwa drumu za maana beji ni ya chuma, na mara nyingi imeshikwa na kile kipete cha tundu la hewa kwa ubavu wa pipa, si gundi. Kama ni Ludwig, namba kwa beji zilianza 1963-64 hivi, na ile beji yenye umbo la jiwe la tao ikabadilishwa na ya bluu na kijani karibu 1969. Kwa hivyo beji peke yake inakupa muongo.

Halafu fungua ngozi. Muuzaji akikataa ufungue ngozi hata moja, mshukuru, kunywa chai, enda nyumbani. Ndani ya pipa ndio cheti cha kuzaliwa. Premier za wakati huo mara nyingi ni mbao nyembamba ya birch yenye pete za kuongeza nguvu juu na chini. Angalia kama plaiwudi imeanza kuachana, nusa kama kuna uvundo, tafuta vitundu vidogo vya wadudu wa mbao. Trans Nzoia ni mahindi na mvua, na stoo nyingi ni za mahindi, kwa hivyo panya wamepita hapo. Kwa seti ya kukhu walikuwa wamekula vitambaa vyote vya kuzuia kelele, lakini mbao hawakugusa. Vitambaa ni vitu vya kukata tu, hiyo usipunguzie mtu bei.

Pipa lazima liwe duara. Pima upana wake njia mbili, kama unachora msalaba. Tofauti ya milimita moja ama mbili hakuna ngori, ikianza kupita tatu hivi utahangaika kuitunisha. Kisha lilalishe juu ya kitu kimenyooka kabisa, sisi tulitumia kioo cha meza ya sebule baada ya kuomba ruhusa na kutoa vitambaa vya kukhu kimoja kimoja. Weka tochi ndani, funga mapazia. Taa ikipenya chini mahali, ukingo una bonde, na hapo sauti itakuwa inavuja. Fundi anaweza kuusawazisha lakini asipojua anachofanya anakumalizia pipa.

Matundu. Hii ndio huua bei kuliko mikwaruzo. Kila tundu ambalo kiwanda hakikutoboa ni pesa imetoka. Tomu ya kukhu ilikuwa imetobolewa matundu mawili ili ishikwe na chuma cha seti nyingine. Haisumbui sauti vile, lakini mkusanyaji akiona anashika kichwa. Plastiki ya nje ikiwa imebadilishwa ama pipa limepakwa rangi ya gari, hiyo pia inashusha. Na tafadhali, usifikirie kumsaidia muuzaji kwa kusugua vyuma na waya wa kusugulia sufuria. Kromu ya Premier ya zamani inajulikana kwa kudumu. Maji kidogo ya sabuni na kitambaa, basi.

Hesabu skrubu pia. Usicheke. Skrubu za zamani za Kiingereza nyuzi zake hazilingani na zile za kawaida za leo, kwa hivyo ikipotea huendi tu duka la vifaa vya ujenzi. Za kukhu zilikuwa zote, mzee alikuwa amezifunga kwa kopo la Blue Band.

Sneya haikuwa. Kukhu alisema kuna kijana aliazima ikaenda hivyo. Hii inauma, kwa sababu kwa seti kongwe sneya mara nyingi ndio kipande kinalipwa kuliko vyote. Wewe ukiipata, hapo ndio sumaku inaingia. Ikishika kwa pipa la chuma, ni chuma cha kawaida. Isiposhika ni shaba ama aluminiamu, na hizo ndizo wapigaji wanatafuta. Zile sneya za Ludwig zinazoitwa Supraphonic, nyingi ni za aluminiamu iliyopakwa kromu, na kromu yake hutoka vipele. Vipele visikutishe, mtu mwingine akiona hivyo anadhani ni kutu na anaiuza kama bati.

Halafu kuna simbali, na hapa ndio tulielewa yule broka. Zilikuwa mbili. Moja imeandikwa Super Zyn, hizo zilikuwa simbali za Premier wenyewe, na ilikuwa na ufa wa kama inchi mbili kutoka ukingoni. Simbali ikiwa na ufa thamani yake ni karibu sufuri, ufa huwa haukai, unatembea. Ya pili ilikuwa nyeusi ya uchafu. Tukapangusa pole pole, tukaona muhuri: Zildjian. Hao ni jamaa wameanza kazi hiyo Konstantinopoli mwaka wa 1623. Nilipitisha kidole ukingoni mzunguko wote, nikaangalia tundu la katikati kama limelika, nikaigonga na kijiti. Ililia vile kengele ya kanisa hutamani kulia. Broka hakuwa anataka drumu. Alikuwa anataka hiyo moja, na zingine angetupa.

Sasa hesabu

Binamu alinivuta kando karibu na banda la kuku. "Buda, hajui. Tumpe 15,000 tutoke hapa." Na si uongo, ingewezekana. Kukhu alikuwa amechoka na hiyo stori. Nikamuuliza yule aliyemuuzia stika ya Pearl alikuwa anajiambia nini usiku ule. Alinyamaza, akaenda kuangalia kuku. Mimi sioni kama bei poa ni ile wewe pekee unafurahia.

Hesabu yenyewe ilienda hivi, na unaweza kuiiba. Usiangalie bei ambazo watu wanaitisha onlaini, mtu anaweza itisha chochote. Angalia zilizouzwa tayari, masoko mengi ya onlaini yana kichujio cha hiyo. Tulipata seti za Premier za sabini, vipande vitatu bila sneya, nyingi zimetoka kwa karibu pauni 300. Tukapiga kwa 170 tukapata 51,000.

Toa ngozi nne mpya, tulikuwa tumepewa bei ya 9,500. Toa mguu mmoja wa tomu kubwa uliokosekana, fundi wa kuchomelea pale Kanduyi alisema 800. Toa yale matundu mawili, hapo hakuna fomula, tulisema 8,000 na nadhani ni haki. Tukabaki na 32,700. Ongeza Zildjian, za saizi na hali hiyo tuliona zikiuzwa karibu dola 150, ukipiga kwa 130 ni 19,500. Jumla 52,200. Ufa ni sufuri. Kiki, na simaanishi kiki za wasanii wa Nairobi, namaanisha ile drumu kubwa ya kupigwa na mguu, ilikuwa safi, hiyo iko ndani ya hesabu tayari.

Kuna watu wataniambia bei ya Uingereza haina maana Kitale. Nusu wako sawa. Hapa hakuna wakusanyaji, kuna makanisa na bendi za harusi, na kanisa linaweza nunua seti mpya ya kichina, sisi Nairobi tuliitishwa 45,000 kwa moja ya vipande vitano. Hiyo inavuta bei chini. Lakini pia ukitaka Premier kama hii kutoka ng'ambo utalipa usafiri wa mzigo mkubwa vile, ushuru, na VAT ya 16% juu. Hiyo inavuta juu. Sisi tuliona hizo mbili zinakaribia kukulana. Na kusema ukweli, kama unataka tu kitu cha ibada bila stori nyingi, Yamaha Stage Custom iliyotumika, ile iliyoanza 1995, inaweza kukufaa kuliko Premier yoyote. Vipuri ni rahisi, ngozi zinaingia. Binamu alisikia hayo yote, lakini alikuwa ameshapiga tomu ya kukhu mara moja na nikaona macho yake, nikajua hiyo hoja imekufa.

Tulirudi ndani tukamwonyesha kukhu hesabu kwa karatasi, mstari kwa mstari, na picha za simu. Hapa ndio watu wengi huharibu. Ukienda kwa mtu mzima, hasa mjane, na useme "hii kitu yako ina kasoro hii na hii", unamtukana marehemu. Binamu alianza na kumuuliza mzee alipiga wapi, nyimbo gani. Kukhu akaongea karibu dakika arobaini. Ndio tukafika kwa matundu, na yeye mwenyewe akasema, "Hayo alitoboa siku bendi yao ilikosa stendi. Nilimwambia asitoboe."

Kuhusu Zildjian tulimwambia wazi: kukhu, hii peke yake inazidi pesa ya yule wa pikapu. Akauliza, "Kwa hivyo alikuwa anajua?" Hatukujibu. Alimpigia mjukuu wa Nairobi, mjukuu akabisha sana, tukamtumia picha ya beji na tukamweleza Ludwig ni gani na Premier ni gani. Akashuka hadi 90,000, halafu akasema kukhu aamue.

Binamu alisema 50,000. Kukhu akasema 55,000. Chai ikaongezwa. Mwishowe ikawa 52,000, pesa ikaingia M-Pesa yake hapo hapo mbele ya jirani wawili, na tukaandikiana karatasi yenye kila kipande, hadi idadi ya skrubu. Hiyo karatasi usiruke. Imemsaidia binamu kanisani kuliko maneno yote, alibandika nakala kwa ubao wa matangazo, na mathe wa dirishani aliisoma mara mbili.

Ile simbali ya ufa kukhu alikataa kutoa hata bure. Alisema anaifunikia mtungi wa maji, na kila mtu akichota usiku anamsikia. Sisi tulipakia kiki juu ya matatu, tomu tukashika kwa mapaja, Zildjian nikaifunga na sweta yangu. Tulipofika Webuye makanga akatuangalia vizuri akasema hiyo ndogo imekaa kiti, tulipe ya watu watatu.